Maksai Wanne na Ndege ya Dawa

Shule mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikizunguka mnivumilie. Miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa na mitumba ikajaa Igoma, nilijinunulia koti refu la manyoya. La kike, nadhani, kwa jinsi vifungo vyake vilivyokaa. Lakini joto lake! Ndilo nililokuwa nikilimia.

Basi nalima kule Buswelu na maksai wangu wanne, ikapita juu yangu ndege ya kunyunyizia dawa kwelea kwelea, wale wanaotumalizia mpunga. Ilikuwa inakohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Ndege ikinyamaza hewani, hata wewe uliye chini unatafuta pa kushika.

Ikatua upande ambao sijaulima, ikarukaruka kama mbuzi, ikasimama. Akatoka rubani, kijana wa mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona. Injini ndiyo imekufa. Mzee, huu udongo ni wa mbuga?"

Nikamwambia ni mbuga, tena ile nyeusi inayomeza trekta ikinyeshewa. Wingu lilikuwa limeshajipanga upande wa ziwani. Kijana akashika kichwa.

"Ikizama humu, kazi sina. Ndiyo kwanza wameniajiri!"

Nikaona mbona rahisi. Ndege ina magurudumu, mimi nina maksai, na kule juu barabarani ni kichanga. Tukafunga mnyororo kwenye miguu ya ndege, kijana akarudi ndani, nikapiga mluzi. Ikaenda! Kijana anacheka, mimi nacheka. Kufika mpakani mwa shamba, maksai wakageuka.

Hawakuulizwa. Maisha yao yote wakifika mpakani wanageuka kuanza mstari mwingine. Ndege nayo ikageuka nyuma yao, bawa likapita juu ya kofia yangu, tukarudi tulikotoka.

"Mzee, unanipeleka wapi?"

"Tulia. Wanalima."

Tukajaribu tena, wakageuka tena. Nikawabembeleza, nikawatukana kwa Kisukuma, kijana akawatukana kwa Kiingereza. Hawakusikia lugha yoyote. Matone yakaanza. Nikakata tamaa, nikaweka kiboko begani niende kuwafungua.

Sasa, kwetu mkulima akiweka kiboko begani, maana yake kazi imekwisha, twendeni nyumbani. Mimi sikuwaza hilo kabisa. Maksai waliwaza. Wakavuka mpaka mbio, ndege nyuma yao, mimi nyuma ya ndege na koti linapepea, kijana anapiga kelele, "Breki! Breki!" utadhani mimi ndiye niliyekaa nazo.

Wakasimama kwenye lango la boma langu, maana mabawa hayakupita kwenye ua wa minyaa. Mvua ikamwagika. Mke wangu akatoka na sufuria kichwani.

"Baba watoto, mimi nilikutuma kuni."

"Kuni zinakuja."

"Na ng'ombe watapita wapi jioni?"

Kijana akashuka, akapigapiga ardhi kwa kiatu. Kichanga, kigumu. Akazunguka magurudumu yote, hakuna lililozama hata kidogo. Ndipo akamwamkia mke wangu, akasema, "Mama, nipe panga niwakatie ng'ombe njia nyingine."

Akakata minyaa ile huku mvua inamnyeshea na anaimba, mke wangu akimfokea kutoka barazani kwamba anakata pasipotakiwa.