Chupa ya Uji Niliyokwenda Nayo Mpui

Mtu akitaka kuugua ugonjwa unaopiga kama radi, namshauri augulie mkoa mwingine. Mimi nimeugulia Sumbawanga, mji ambao nchi nzima inaujua kwa mahindi, na kwa watu wanaosemekana wanaweza kukutumia radi mchana jua likiwaka. Nilipompigia simu rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa anaishi Dar es Salaam, nikamweleza kwamba kuna kitu kama waya wa umeme kinanichapa ulimini na kwenye taya la kushoto, kinachapa sekunde chache kisha kinaondoka kana kwamba hakijafanya kosa, hakuniuliza kama nimemwona daktari.

"Umemkosea nani huko kwenu?" aliuliza.

Mimi na yeye tuna shahada mbili kila mmoja.

Daktari nilikuwa nimemwona. Kwanza nilikwenda kwa wa meno, nikamwonyesha gego la kushoto nikamwambia ndilo lenye makosa. Alilipiga piga na kichuma chake, akasema gego ni zima. Mimi, kama msomi, nikamwelimisha. Akaling'oa. Wiki iliyofuata nikarudi kushtaki gego la jirani yake. Nalo lilikuwa zima, nalo likang'oka. Ninayo yote mawili kwenye kikasha cha vifungo vya mke wangu, meupe, imara, hayana hatia, na kila nikiyaona najisikia kama hakimu aliyenyonga wasio na kosa.

Aliyejua ninachoumwa alikuwa daktari wa kike, mdogo kuliko gari langu. Aliniuliza maswali manne tu. Ukipiga mswaki je? Ukinyoa ndevu? Upepo ukikupuliza? Ukitafuna? Kwa kila swali niliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu. Akachora uso kwenye karatasi, akachora mshipa wa fahamu unaotoka karibu na sikio na kugawanyika matawi matatu, akaniambia tawi la chini ndilo linalonisumbua. Huenda kuna mshipa wa damu unaoligusa na kulichubua, alisema, kama waya uliotoka ganda. Meno hayahusiki. Nikanyamaza kuhusu kikasha.

Dawa aliyoniandikia ni ileile wanayopewa wenye kifafa. Ilinipunguzia radi na kuniongezea usingizi. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya kufundisha chuoni, nililala darasani kabla ya wanafunzi.

Basi nikajifunza kuishi na mdomo kama mtu anayeishi na mpangaji mkorofi. Nilinyoa upande wa kulia tu, upande wa kushoto nikauachia ndevu. Nilitafuna kulia, nikaongea kwa nusu ya mdomo, na miezi ile ya Juni na Julai, upepo wa uwanda wetu unapovuma kutwa nzima kama umelipwa, nilijifunga skafu ya mke wangu yenye maua mpaka chini ya macho. Vijana wa bodaboda pale stendi walinipokea vizuri.

"Oya mshikaji, benki iko upande ule!"

"Mwache, huyo ni bibi harusi, anaona aibu."

Sikuwajibu. Jibu zuri lilikuwepo, lakini lilikuwa na maneno saba, na siku ile nilikuwa na uwezo wa mawili.

Haya yote yalikuwa yangu, na niliyamudu. Lakini nilikwenda Mpui, na pale nikamletea balaa mtu mwingine.

Mpui yuko shangazi yangu, dada wa baba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na mwaka mmoja, na maharage ya shamba lake ndiyo yaliyonivusha sekondari. Huniita "baba" kwa sababu nimerithi jina la baba yake, kwa hiyo akinikemea hunikemea kwa heshima. Ni mjane, anaishi peke yake, hana jino hata moja, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka sabini wa jiko la mafiga. Kila nikimtembelea hupika ugali wa ulezi, ule mweusi unaong'aa, na dagaa wa Kabwe, kule ziwani, wenye vichwa vyao. Nimeula ugali huo tangu siwezi kufunga vifungo vya shati.

Siku ya safari mke wangu aliniuliza, "Utakula nini huko?"

Nikamwonyesha mdomo. Akanitengenezea uji laini wa mahindi, akaupoza mpaka ukawa vuguvugu, akautia kwenye chupa ya chai, akanipa na mrija wa plastiki. Nikamsifu. Tulikuwa watu wazima wawili, wazaliwa wa Ufipa wote, na hakuna aliyeona tunachokifanya.

Nilifika kwa shangazi wakati wa chakula. Walikuwepo majirani watatu, wanawake wa jumuiya yake ya kanisani, waliokuja kupukuchua mahindi. Shangazi akaleta maji ya kunawa. Nikatikisa kichwa. Akaleta ugali. Nikafunika mdomo kwa kiganja, nikatikisa kichwa tena. Kisha, mbele ya mashahidi wote hao, nikatoa chupa yangu kwenye mkoba, nikafungua, nikatia mrija, nikanywa.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze kosa langu. Mtu anaweza kumtukana shangazi yake na akasamehewa. Anaweza kusahau kumtembelea mwaka mzima. Lakini kuingia nyumbani kwake na chakula chako, ukakataa chake, ukanywa chako huku unamtazama, ni kusema bila kufungua kinywa kwamba unajua kuna kitu ndani ya sufuria yake. Mimi niliyesema hivyo nilikuwa nimetoka mjini, nina miwani, na nimelelewa na sufuria hiyohiyo.

Nilijaribu kueleza. "Shangazi, ni mdomo..." nikaanza, na radi ikanichapa hapohapo, nikashika taya na kutoa sauti kama mbuzi. Wanawake wale walitazamana. Nilipofikiria baadaye, niliona nisingeweza kufanya vibaya zaidi: nimekataa chakula chake, na nilipotaka kusema sababu, nikafungwa ulimi mbele yake.

Shangazi alifunika ugali kwa sahani. "Haya, baba," alisema. "Kama umeshiba, umeshiba."

Niliondoka kwa haraka na aibu, hata chupa nikaisahau.

Majuma mawili baadaye alinipigia simu jirani yake, mzee mmoja mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga miaka mingi iliyopita. Ni mtu wa kelele, na simu huishika kama anavyoshika fimbo.

"Wewe mwalimu! Umemfanya nini mama huyu?"

"Sijamfanya..."

"Wanawake hawapukuchui tena kwake. Juzi kapika chai, watu wamekunywa maji ya bombani. Wanasema kama mtoto aliyemlea mwenyewe anaogopa chakula chake, sisi nani? Wanasema na macho yale..." Akashusha sauti, jambo ambalo kwake ni nadra. "Jumamosi jumuiya inasali kwake. Ni zamu yake. Nasikia wengi wanaumwa ghafla."

Sikucheka. Huku kwetu mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, mnong'ono hauishii kwenye chai. Unaanza kwa kikombe kisichonywewa, na sote tunajua unakoweza kufika. Na mnong'ono huu nilikuwa nimeubeba mimi, kwenye chupa ya chai, na mrija.

"Mwambie Jumamosi nakuja," nilisema. "Mwambie apike ugali. Na dagaa."

"Wenye vichwa?"

"Wenye vichwa."

Siku zilizobaki nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Daktari wangu mdogo alinikubalia nisogeze saa za dozi ili dawa iwe na nguvu wakati wa kula, bila kuongeza hata kidonge, akaniuliza kuna nini muhimu hivyo. Nikamwambia ugali. Aliandika kitu kwenye faili. Mke wangu, kwa majuto yake ya chupa, alinifinyangia matonge nyumbani, nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Matonge mawili yalipita. La tatu lilinipeleka chini ya meza.

Jumamosi nilifika mapema na skafu yangu. Shangazi alikuwa anafagia uwanja. Nilichuchumaa mbele yake, nikapiga makofi taratibu, ile salamu yetu ya zamani ambayo nilikuwa nimeiacha tangu nilipopata shahada ya kwanza, na ambayo, niligundua, haihitaji taya.

"Shikamoo shangazi," nikaongezea kwa nusu ya mdomo.

"Marahaba, baba. Umekuja na chakula chako?"

"Hapana."

"Chupa yako ya siku ile ninayo. Sijaifungua. Sijui mlitia nini ndani."

Nilistahili. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni nikamweleza yote, polepole, kwa vipande: mshipa, waya usio na ganda, magego mawili yasiyo na hatia. Alisikiliza huku anakoroga. Nilipofika kwenye magego alicheka mpaka akashika mwiko kwa mikono miwili.

"Umeng'oa mazima? Na shule yote ile?"

"Yote."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilitoa sauti ya mbuzi."

Akafuta macho yake mekundu. "Sasa wewe unadhani mimi ninakula vipi? Meno yangu yako wapi?" Akakata kitonge kidogo kama kunde, akakiviringisha, akakichovya kwenye mchuzi. "Ugali hautafunwi, baba. Wanaotafuna ugali ni watu wa mjini. Unauweka huku nyuma, upande wako mzima, unainua kidevu, unaumeza. Ulimi usiuambie kitu. Mpaka ujue kuna mgeni, amekwisha kupita."

Tulifanya mazoezi, yeye na mimi, kwenye moshi. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, nikifundishwa kula na mtu yuleyule aliyenifundisha mara ya kwanza.

Waliokuja kusali walikuwa saba, wakati jumuiya ina watu zaidi ya ishirini. Mzee mfugaji alikuja pia, ingawa si wa dhehebu hilo wala, kwa ninavyojua, wa dhehebu lolote. Sala ikaisha. Shangazi akaleta ugali, akauweka katikati. Watu waliangalia mikono yao.

Nikanawa. Nikavua skafu. Nikakata tonge, nikachovya, nikainua kidevu. Likapita. La pili likapita, na dagaa mmoja mwenye kichwa, mzima kama alivyotoka ziwani. Nikaanza kujiona hodari, na hapo ndipo nilipokosea: nikatafuna.

Radi ilinipiga kutoka ncha ya ulimi mpaka sikioni. Nikafumba macho, nikashika goti la mzee mfugaji kwa nguvu, machozi yakanitoka yenyewe. Nilisikia mama mmoja akivuta pumzi. Nilijua kama ningetema, nimemmaliza. Sikutema. Nilisubiri, nikihesabu, sekunde zile ambazo kila moja huzaa nyingine, kisha nikameza.

"Mnaona?" shangazi alisema kwa utulivu. "Kinachomuuma ni mdomo wake, si chakula changu. Ana ugonjwa wa mshipa. Kang'oa magego mawili mazima kwa ajili yake."

"Mawili?" mama mmoja aliuliza.

"Mazima?" akauliza mwingine.

Niliinamisha kichwa kukubali, machozi yakiwa bado yanatiririka, kisha nikapanua kinywa kidogo upande wa kushoto, wakachungulia mmoja mmoja. Nimewahi kutoa mihadhara mingi. Hakuna hata mmoja uliosikilizwa hivyo.

"Mimi goti langu ndilo limeumia," alisema mzee mfugaji. Akanawa. "Kama hiki ni cha kuua, basi nife nimeshiba. Mama, sogeza na dagaa."

Akacheka mmoja, halafu wote. Mikono ikaingia sahanini. Mama aliyevuta pumzi alikula kuliko wote, akaomba ukoko. Kabla ya kuondoka aliuliza kazi ya kupukuchua itaendelea Jumatatu au Jumanne.

Jioni, wakati naaga, shangazi aliniletea ile chupa yangu. Ilikuwa nzito.

"Nimeiosha," alisema. "Huo ni uji wa ulezi, nimeupoza. Chupa ubebe tu, kama unaumwa. Ila ukija huku, ije tupu, iondoke imejaa."

Njiani nilisimamisha gari mara mbili kunywa, kwa mrija, skafu imeshuka, upepo ukinitafuta na kunikosa. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa mlangoni. Aliangalia uso wangu, akajua mambo yamekwenda vizuri. Akachukua chupa, akafungua, akanusa, akaonja kidogo kwa kidole.

"Huu si uji wangu," alisema. "Haya, sema kweli. Upi mtamu?"

Nikashika taya la kushoto, nikafumba macho kwa uchungu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuugua nikaushukuru ugonjwa wangu.