Meno ya Msemaji

Joash alistaafu kutoka kiwanda cha blanketi bila cheo chochote, lakini siku ya posa alikuwa mtu mkubwa Nakuru nzima. Ukoo ukienda kuomba bibi, yeye ndiye msemaji. Kijana anayeoa hukaa kimya kama aliyekuja kusoma mita ya maji, babake vilevile, na Joash huwasemea wote saa tatu mfululizo. Alijivunia mdomo ule kuliko shamba. Meno yake ya juu, lakini, yote yalikuwa ya bandia.

Kwa Mungu hakutaka msemaji hata kidogo. Yeye ni wa Kanisa la Marafiki, mkewe Nerima ni Mkatoliki, na kwa miaka thelathini na moja wamebishana juu ya watakatifu kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Walilea watoto wanne katikati ya ubishi huo na hakuna aliyedhurika.

Sasa, Jumamosi ya kumposea mpwa wake Sitati kule Gilgil, Joash aliamka akakuta kikombe cha meno kina maji tu. Akapekua kitanda, akapekua koti, akampekua hata paka. Nerima, huku akipiga pasi kitenge chake, akamshauri amwombe Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea. Joash akakataa katakata. Yesu yupo, ya nini kumsumbua marehemu wa Ulaya? Akapiga magoti, akaomba moja kwa moja. Halafu, kwa usalama zaidi, akaandika kwenye WhatsApp ya kanisa: niombeeni, kuna jambo.

Nerima alisomea begani kwake, akataka kujua mbona sasa ametuma watu. Joash akajitetea kwamba hao wako hai. Nerima akamjibu kwamba hata Antoni yuko hai kwa Bwana, tena yeye hana ng'ombe wa kukamua asubuhi hii.

Hapo Sitati akaingia. Gari lilikuwa nje, limeshajaa mashangazi. Joash akajaribu hotuba yake ya ufunguzi, na maneno yakatoka yamelowa, shati la Sitati nalo likalowa.

"Anko," Sitati akasema akijipangusa, "si niongee tu mwenyewe? Mimi ndio naoa."

Joash alikasirika kwelikweli. "Wewe? Utaenda mbele ya wazee hivyo tu, bila mtu wa kukusemea?"

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Nerima aliendelea tu kupiga pasi, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu mwanamke yule hajawahi kuacha nafasi kama hiyo ipite. Joash aliona haya, halafu akaona hofu. Wajomba wa Mercyline, mchumba wa Sitati, walikuwa wakingoja saa nne kamili, na si watu wa kumpa binti yao ukoo unaobwabwaja. Sitati angerudi bila bibi kwa sababu yake. Akavuta kiti karibu na meza ya pasi.

"Mama Fancy," alimwambia mkewe polepole, "huyo Antoni wako. Hebu mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Anasikia Kiswahili."

"Hatujuani. Ongea na yeye wewe."

"Na akiuliza ni meno ya nani?"

Joash alitazama mlangoni, ahakikishe hakuna mtu wa kanisa lake.

"Mwambie ni ya bwana wa Mkatoliki."