Mahakama Iliyoelekea Kibla

Nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo katika majengo matatu, na yote matatu yalinitesa. La kwanza lilikuwa Mikindani, la mawe na chokaa, kuta nene ajabu. Wenyeji walisema lilijengwa na liwali aliyeogopa joto kuliko wezi. Lilikuwa na ubaridi mtamu, na wazee wa baraza walisinzia humo mpaka hukumu. La pili, upande wa Naliendele, tulilirithi kwa Waingereza: bati juu, bati ubavuni, na mvua ikinyesha hata mwenye kukiri kosa hasikiki. Nimeandika "Imeahirishwa kwa sababu ya mvua" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu.

La tatu ndilo lenye habari.

Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kijiji chetu kipya, njia ya kwenda Msimbati, hakikuwa na mahakama. Tulisikiliza kesi ndani ya ghala la korosho, hakimu akipiga chafya. Wilaya ikaahidi bati na ramani. Wanakijiji watoe nguvu zao. Akina mama wakabeba mawe kichwani kutoka pwani, wanaume wakachoma chokaa, na kazi ya kujenga akapewa mzee mmoja wa hapo kijijini, fundi hodari kuliko wote, aliyejitolea bila malipo. Ramani aliipokea kwa mikono miwili, akaishukuru, akaikunja vizuri, akaifungia sandukuni. Hakuna aliyeiona tena.

Jambo moja tulilisahau. Maisha yake yote mzee yule alikuwa amejenga misikiti tu.

Ukuta ulipokwisha kupigwa lipu nilikwenda kupima mahali pa meza yangu. Nikakuta jengo limeipa barabara kisogo na kuelekea kaskazini. Katikati ya ukuta wa mbele, pale atakapokaa hakimu, palikuwa na kibla safi, lile tundu la ukutani anamosimama imamu, tao lake limechongwa kwa upendo. Kulia kwake kizimba cha mashahidi kilikuwa na ngazi tatu, kimesimama kama mimbari.

"Mzee, hii nini?" niliuliza.

Akaitazama kama aliyekuta mgeni chumbani kwake. "Lahaula," akasema. "Mkono umezoea, mwanangu."

Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, na mwepesi wa hasira. Nilifoka. Lakini nani angewaambia wale akina mama wabomoe mawe waliyoyabeba msimu mzima? Tukafungua hivyo hivyo.

Siku ya kwanza watu wote walivua viatu mlangoni. Hakimu, naye mtu wa bara, alishikilia viatu vyake siku tatu nzima. Ya nne aliingia peku, akisema vinambana. Mwizi wa mbuzi alipopanda zile ngazi tatu akajikuta juu kuliko hakimu, akasahau kilichomleta, akatuhutubia juu ya ubaya wa tamaa. Na uongo ulikwisha. Mtu aliyekata mikorosho ya jirani alikana barazani kwa viapo vyote, kuvuka kizingiti tu, akainamisha kichwa: "Nilikata." Kesi ya wiki ikaisha kabla uji haujapoa.

Sifa zikafika mkoani, na kila aliyezipokea aliongeza chumvi. Ikaja barua: inasemekana bati za serikali zimeezeka msikiti. Mkaguzi atafika. Ikiwa ni kweli, ukuta wa mbele utabomolewa.

Fundi akaanza kukonda. Kila asubuhi alipita kuupapasa ukuta wake, halafu ananitazama mimi, mwenye kalamu. Nilimhurumia, tena sana. Nikamjibu mkaguzi kwa mwandiko wangu mzuri kwamba tundu lile ni kabati la vitabu vya sheria. Vitabu vyenyewe vilikuwa viwili, kimoja hakina jalada. Kisha nikamfundisha fundi: akiulizwa, aseme kabati. Alirudia kama mtoto wa shule, hakukosea hata mara moja.

Mkaguzi alifika na Landrova. Alisimama mlangoni, akaona viatu vimepangwa, akavua vyake bila kuambiwa. Soksi moja ilikuwa imetoboka. Akatembea mpaka mbele, akalitazama tao, akamwita fundi.

"Mzee, hiki ni nini?"

Kijiji kizima kilikuwa madirishani. Fundi aligeuka kuutazama mlango.

"Ndugu Mkaguzi," alisema mwishowe, "naomba nikajibie nje."

Hakimu alijifanya anakohoa. Mkaguzi hakucheka. Alitoka na mzee mpaka barazani, akamuuliza tena, na fundi akajibu kwa sauti ya ushujaa: "Kabati la vitabu!"

"Vizuri," alisema mkaguzi. Akatoa barua yangu mfukoni. "Na wewe karani, ingia ndani ukanisomee hii. Kwa sauti."

Niliingia, naye nyuma yangu. Kibla hainihusu, dini yangu nyingine, na nilikuwa nimezoea kusoma mbele ya watu. Nikaanza, "Ndugu Mkaguzi, napenda kukuarifu kwamba tundu lililopo ukutani ni..." Neno likagoma. Nikajaribu tena, likagoma tena. Fundi alikuwa mlangoni ananiangalia, na niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Ni kibla," nilisema.

Mkaguzi akalipapasa tao kwa kiganja, taratibu.

"Ukuta usiguswe," alisema. "Kilichojengwa vibaya hapa ni barua."

Akanirudishia niichane mwenyewe. Niliichana. Fundi akapiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja akilia kwa furaha, maana ukuta wake umepona, na sakafu ile ilikuwa bado yake kuitunza.