Mbwa Niliyemlisha Nyigu

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na ya wengine mtasema bibi anajitetea. Mbwa yule nilimharibu mimi. Alipokuwa mdogo, bado anayumba akitembea, nilikwenda kwenye mkorosho wenye kiota cha nyigu, nikakichoma kwa mwenge wa nyasi, nikaokota nyigu waliokaukia motoni, nikawatwanga na kuwachanganya kwenye ugali wake. Huku kwetu Lionja ndivyo tunavyofanya mbwa awe mkali. Ukali wa nyigu, wanasema, unaingia kwenye damu. Na ili usipoe, mbwa hatakiwi kuzoeana na wenzake. Basi nikamfunga peke yake kwenye kibanda cha shamba mpaka akakomaa, hajawahi kucheza na mbwa hata mmoja.

Nilimtaka mkali kwa sababu ya ngedere. Ninyi mnaokaa mjini mnawaona kwenye picha mnacheka. Ngedere anang'oa muhogo, anaonja, anatupa, anang'oa mwingine. Mume wangu alipofariki nilibaki na shamba peke yangu, na ngedere wanamjua mwanamke. Mwanamume akipiga kelele wanakimbia. Mwanamke akipiga kelele wanakaa wanamtazama kama wamekuja ngomani. Mbwa alipokua walihama wote. Miaka minne nilikula muhogo wangu mwenyewe, na jioni nilikuwa na mtu wa kusema naye. Nasema mtu, mnisamehe.

Jina lake silitaji. Sisi mbwa tunawapa majina ya kusemea watu, na lake lilikuwa la kumsema wifi yangu. Wifi ni marehemu sasa, sitaki kumsema mara ya pili.

Shida ni kwamba mbwa akiona mbwa mwenzake alikuwa hajijui tena. Alikata kamba akaua mbwa wa jirani. Akaua wa pili. Mara ya tatu jirani aliingia kati na mpini wa jembe kuwaamua, akang'atwa mkono, ikabidi apelekwe Nachingwea kuchomwa sindano. Siku ya pili yake mwenyekiti wa kijiji akaja na mgambo wawili. Alikaa mbali, jicho kwenye mnyororo.

"Bibi, huyu si mbwa tena, ni kesi."

"Kesi yangu au ya mbwa?"

"Ya kwenu wote wawili. Nakupa mpaka ufuta uishe kuvunwa. Mfunze akae na wenzake, la sivyo nitaleta bunduki."

"Nimfunze wapi? Kuna shule ya mbwa?"

"Ulimfunza ukali bila shule. Pita njia ile ile urudi."

Mgambo wakacheka. Mimi sikucheka, maana wakati ule ufuta ulikuwa umeshaanza kukauka shambani.

Nachingwea mjini nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mlinzi, anafunza mbwa wa kulinda maduka. Alifunga mbwa mwingine hatua kumi hivi, akamleta wangu, na kila wangu aliponguruma alimpiga fimbo ya pua. Nikakaa kwenye gogo natazama. Mimi kuandika nimejifunza ngumbaro, darasa la watu wazima, tena sikumaliza. Mwalimu wetu alikuwa na bakora, hakumpiga nayo mtu, aliipiga mezani tu, na mpaka leo nikifika kwenye neno gumu mkono unaganda. Sasa fikiri anayepigwa puani. Siku ya tatu mbwa hakunguruma.

"Umeona, bibi? Ameshika somo."

Hajafunga mdomo, mbwa akaruka kimya kimya, akamkamata yule mwingine shingoni. Kunguruma alikatazwa, akabakiwa na meno tu. Nikamchukua tukaondoka, na sasa alikuwa mbaya kuliko nilivyompeleka, maana zamani alikuwa anakuonya.

Nilikata tamaa mpaka siku ya mnada Chiola. Pale nikamwona mfugaji, mmoja wa hawa waliokuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa, anapita na mbwa wanne katikati ya mbwa wa watu. Mbwa wa watu wanabweka, wake hata shingo hawageuzi. Nikamfuata. Aibu ilinishika, nawaambia ukweli, maana mwaka walipopitisha ng'ombe Lionja nilisimama mkutanoni nikasema hawa warudishwe walikotoka. Nikadhani atakuwa amesahau.

"Si wewe bibi wa mkutanoni?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, baba."

"Ulitusema sana siku ile. Mpaka ng'ombe walisikia." Akacheka. "Una shida gani?"

Nikamweleza, na habari ya nyigu nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Ninyi watu wa huku mnafuga mbwa kama mnafuga nyoka. Mlete Nambilanje. Na wewe uje ukae, mbwa hafundwi mwenyewe akiwa mbali."

Tulikwenda kwa miguu, kwa njia za porini tusikutane na mbwa wa mtu. Nikalala kwa mke wake majuma matatu, na shambani ngedere walirudi, najua, lakini nilikwishachagua.

Somo lake halikuwa na fimbo. Mbwa wake mmoja alifungwa mbali sana, mwanzo wa malisho, sisi tukasimama mahali ambapo wangu anamwona lakini hajakasirika. Akasema: "Akimwona mwenzake, mwangushie dagaa. Asipomwona, usimpe kitu." Basi. Kutwa nzima hivyo. Kesho yake tukasogea hatua mbili. Siku akikaza mgongo tunarudi nyuma, bila kugomba. Nikamuuliza hii ni kazi gani ya kumlipa mkorofi dagaa.

"Mayu," ndivyo kwao wanavyomwita mama, "huyu si mkorofi. Anaogopa. Hajui mbwa ni nini, alikulia peke yake. Sasa tunamwambia, mbwa akija, na dagaa wanakuja."

Juma la kwanza likaisha, akasema lipo jambo bado. "Mpapase."

"Sisi hatushiki mbwa."

"Amekujua kwa fimbo unayosukumia bakuli. Akitetemeka hana pa kuegemea."

Ilikuwa kweli. Miaka minne yote sikuwahi kumgusa, nikiogopa swala yangu isije ikaharibika. Nikachukua simu nikampigia shehe wetu. Akasema mbwa akiwa mkavu na mkono mkavu hakuna neno. Kinachooshwa ni mate na majimaji yake, mara saba, moja kwa udongo.

"Tangu lini?"

"Tangu dini ilipokuja, bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nikarudi nikamwekea mkono mgongoni. Aliruka kama amechomwa. Halafu akasimama. Halafu akaniegemea mguuni kwa uzito wake wote, nusura niangue kilio mbele ya mke wa watu. Miaka minne! Mimi peke yangu, yeye peke yake, tumetengana kwa urefu wa fimbo, kwa jambo ambalo halikukatazwa.

Kuanzia hapo alikwenda haraka. Juma la tatu alisimama katikati ya mbwa wanne wa mfugaji. Akiona mbwa ananigeukia, anatazama mkono wangu, anangoja. Mfugaji akasema nimwache kidogo, hata mwezi mmoja tena, azoee na mbwa wasiomjua. Nikamwambia ufuta umekwisha kuvunwa, mwenyekiti ananingoja. Kama kuna saa ningependa nirudishiwe, ni ile.

Lionja nilifika asubuhi, moja kwa moja ofisi ya kijiji. Watu walikuja kutazama, na mbwa wao nyuma. Njiani tulikuwa tumepishana na mbwa watano, hajamgusa hata mmoja, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba. Mwenyekiti akasema, "Haya, bibi, tuone." Nikamfungua mnyororo. Hakuna aliyenituma, nilitaka waone.

Mbwa wa pale hawakuwa wamefundishwa lolote. Wao walimjua yule wa zamani. Walikuja watatu, mmoja ni ndugu wa yule wa kwanza aliyeuawa. Wangu akawaona. Akanigeukia, akatazama mkono wangu. Na mimi, jamani, nikamwangushia dagaa, kwa kuwa ndilo somo. Aliinama kula, wakamkamata shingoni.

Nilipiga kelele, "Kamata! Kamata!", neno nililokuwa nikimwambia kwa ngedere. Hakukamata. Kila alipopata nafasi ya kuinua kichwa alinitazama mimi. Mgambo waliwatawanya kwa marungu, mwenyekiti mwenyewe aliingia kati, lakini tumbo lilikuwa limefunguka. Nilikaa chini nikamweka kichwa chake mapajani, damu na mate yote kwenye kanga yangu. Alikufa kabla ya adhuhuri. Watu hawakuondoka. Yule jirani aliyeng'atwa ndiye aliyeleta jembe.

Mwenyekiti alichuchumaa pembeni. "Bibi, kweli ulimfunza," akasema, na alisema kwa wema.

Mfugaji hupiga simu kila baada ya siku kadhaa. Ana furaha na kazi yake, anataka aje apate mbegu ya mbwa yule, anasema hajapata kuona mbwa mwenye akili namna ile. Mara ya kwanza nilifungua mdomo nimwambie, akanitangulia, akauliza anakula vizuri? Nikasema anakula. Na wenzake je, wanaelewana? Nikasema wanaelewana. Jana kapiga tena, kasema msimu ukigeuka atapita Lionja na ng'ombe, nimruhusu wapite pembeni ya shamba langu, amwone.

Nikamwambia, karibu, mwanangu, pitisha.