Kamba Waliokataa Kula

Kwetu, jua likishakuchwa, nyoka hatajwi kwa jina lake. Anaitwa kamba, maana naye ana masikio, ukimtaja atadhani umemwita. Mama yangu alizidi mpaka: hata saa nne ya asubuhi, jua limewaka, nyoka kwake alikuwa kamba. Alizaliwa Makunduchi, kwenye mawe na mashimo, na alipokuwa kigori aliumwa mguuni, ukavimba mpaka wakamsomea Yasini. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama alishtuka hata kwa uzi wa cherehani ulioanguka sakafuni.

Basi Mungu akamwozesha mume anayependa nyoka.

Baba alikuwa karani wa ghala la mbata pale Malindi ya mjini, karibu na bandari. Panya walikuwa wakila mbata wanavyotaka, paka wamelala, na aliyefanya kazi ya kweli mle ndani alikuwa nyoka mmoja wa rangi ya kahawia, mwembamba, asiye na sumu. Baba alimheshimu kuliko alivyomheshimu tajiri mwenye ghala. Siku moja makuli walipohamisha magunia ya pembeni walikuta mayai, meupe, marefu kidogo, yameshikana. Wakataka kuyaponda. Baba akavua kofia yake ya kiua, akayatia humo, akaja nayo nyumbani kichwa wazi, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya siku nyingine yoyote.

Aliyaweka ndani ya bati la biskuti, juu ya usumba wa nazi ulionyunyizwa maji, akalisukuma chini ya kitanda. Mama alisimama mlangoni, hakutaka kuingia chumbani kwake mwenyewe.

"Chagua," alimwambia. "Mimi au kamba."

"Wewe nshakuchagua zamani," baba akajibu. "Hawa wageni tu. Wakishaanza kula nnawapeleka ghalani."

Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu hayakufuatiwa na mengi. Homa ilimshika wiki ile ile, akalala juu ya kitanda kile kile, mayai yako chini yake, na hakuinuka tena. Nilikuwa sijatimiza miaka minane. Watu wazima waliniambia baba amekwenda kwa Mola wake, nami nilikasirika kwamba hakuniaga.

Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hajifukizi udi, amekaa katika chumba kimoja cha chini chenye dirisha la nondo. Nyumba ilikuwa ya baba na dada yake, urithi wa babu. Shangazi alikaa juu. Alikuwa mjane wa siku nyingi, hakujaaliwa mtoto, mnene, sauti kama ya mwadhini, na mwoga wa kila kitu chenye miguu zaidi ya minne au pungufu ya miwili. Tungemwambia kuna bati la mayai ya nyoka chini ya kitanda cha mfiwa, mtaa mzima ungejaa na marungu. Hatukumwambia.

Shangazi ndiye aliyetupikia. Kila siku aliteremka ngazi na sinia, akihema, na kila siku mama alimjibu neno lile lile.

"Nshakula, wifi."

Nshakula, kwetu, ni neno la adabu. Umewakuta watu wanakula, wanakukaribisha, unasema nshakula hata kama tumbo linanguruma, na mwenyewe akijua kuwa unasema uongo hakulazimishi sana. Lakini mama alikuwa akilisema ndani ya chumba kisicho na jiko wala chungu. Alikula wapi? Shangazi alisimama na sinia lake, akanitazama mimi, akalirudisha juu. Mashavu ya mama yaliingia ndani. Bangili ya fedha aliivua kabla haijamwanguka yenyewe.

Kisha mayai yakapasuka. Nililala chini kifudifudi nikakiona kichwa kidogo kimetoka kwenye ganda, kimetulia, kinatazama dunia kama kwamba hakijaamua. Nilimwita mama nikijua atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa juu ya mkeka, mbali, akaniambia nivute bati. Alitazama muda mrefu.

"Yeye ndiye aliyewasubiri," alisema. Akalia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu maziko. Halafu akajifuta kwa upindo wa kanga, akaniuliza kwa sauti ya mzaha, sauti ambayo nilidhani imezikwa: "Na kama wamo madume humu? Mie nimo edani, nijifunike?"

Walikuwa saba. Baba alikwisha kuniambia kwamba mtoto wa nyoka hapewi kitu mpaka avue gamba la kwanza, nasi tukangoja. Wakavua, magamba membamba kama ngozi ya kitunguu. Nikaenda ghalani, makuli wakanipa vitoto vya panya, vile vyekundu visivyo na manyoya. Walidhani nina paka. Nilivitia ndani ya bati. Watoto wa nyoka walivisogelea, wakatoa ndimi, wakageuza vichwa. Kesho yake hivyo hivyo. Tuliwaweka gizani, tukawafunika usumba, tukawaacha, tukawarudia. Hawakula. Mmoja akafa, amekonda mpaka mgongo wake umekuwa na ncha.

Mama alimfunga kwenye kitambaa. "Wanamfuata," alisema.

Hapo ndipo nilipoogopa, maana nilifahamu kwamba hazungumzii nyoka peke yao. Akili yangu ya kitoto ikafanya hesabu yake: wakila hawa, mama atakula. Wakifa, nitabaki na nani? Sikumwambia mtu. Nililala ubavuni mwake nikishika mkono wake, uliokuwa mwepesi, nikimwomba Mungu awape nyoka njaa. Dua gani hiyo, lakini ndiyo niliyoomba.

Jioni moja baada ya magharibi mama alikuwa amelala, ametazama ukuta, nami nilimbembeleza aseme japo neno. Akaniambia, "Niache, mwanangu. Roho yangu iko kwa kamba tu."

Nje ya mlango shangazi alikuwa ameshika taa. Alisikia. Nilisikia miguu yake ikipanda ngazi kwa haraka ambayo sikuizoea.

Kesho yake, alfajiri imetoka tu, mwanamke yule ambaye hakupenda kwenda sokoni alijitupia buibui akaenda Darajani mwenyewe. Adhuhuri harufu ya nazi na bizari ikateremka kabla yake. Aliweka sinia mbele ya mama, akafunua kawa, na uso wake unang'aa kwa jasho na furaha.

"Haya, wifi. Kamba hao. Ungesema siku zote hizo, ningekupikia siku zote hizo. Roho ikitaka kitu hainyimwi."

Kamba wa baharini, wekundu, wamelala katika tui. Mama aliwatazama wale kamba, akamtazama shangazi, akanitazama mimi, na mdomo wake ukaanza kucheza. Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kilio bila kusimama njiani, na shangazi naye akalia asijue analia nini. Mama alipotulia akanawa mikono. Alikula kamba watatu na tonge chache za wali, na alikula kwa ajili ya uso ule wa shangazi. Nilimhesabia kila tonge. Shangazi alipanda juu akishukuru Mungu kwa sauti ya kusikika bandarini.

Chakula kile kilimrudishia mama akili ya kuwa mama. Siku chache baadaye mjusi kafiri alianguka kutoka darini, mkia ukamkatika, ukabaki ukirukaruka karibu na bati. Niliutia ndani kwa kucheza. Mmoja katika wale watoto alikuja kama aliyeitwa, akaudaka.

Chuoni tulifundishwa kwamba mjusi kafiri alipuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu, na kwamba kumuua kuna thawabu. Siku zile hakuna mtoto Malindi aliyechuma thawabu kama mimi. Lakini mijusi midogo ya kuingia midomo ile haikuwa mingi, na vitoto vya panya vilikuwa tele. Mama ndiye aliyefikiri.

"Wewe nilikuachisha ziwa kwa shubiri," alisema. "Nilijipaka, ukaonja uchungu, ukaliacha mwenyewe. Mtoto anadanganyika kwa ulimi na kwa pua. Hawa tuwapakie wanachokijua."

Akamshika mjusi aliyekufa, yeye anayeogopa uzi, akamsugua juu ya kitoto cha panya, mgongoni, tumboni, kichwani zaidi. Akakitia ndani, tukafunika bati, akaniwekea kiganja juu ya macho ingawa hapakuwa na cha kuona. "Mwenye aibu hali akitazamwa," aliniambia.

Tulipofunua, kitoto cha panya hakikuwapo, na mmoja alikuwa na uvimbe katikati ya mwili. Mama akasema alhamdulillahi, mchana kweupe, kwa ajili ya nyoka.

Ningependa kusema wote walikula. Alikula yule mmoja. Wengine tuliwapakia vilevile, tukawabembeleza, na walikufa mmoja mmoja, ndimi zao zikiwa zimetoka kidogo. Lakini yule mmoja aliendelea, na mama aliendelea. Shangazi akileta sinia alisema, "Karibu, wifi, tule sote," na wakala pamoja. Niliamini kwamba nimemwokoa. Nilijiona mkubwa.

Eda ikaisha. Wanawake walikuja kumwosha mama, wakamfukiza, wakamvalisha, na siku ya pili kaka zake wawili wakafika kutoka Makunduchi kumchukua. Alikuwa bado kijana. Walikwisha kumpatia mtu wa kumwoa. Mimi nilikuwa mtoto wa upande wa baba, nyumba ya baba, na chuo changu kilikuwa mjini. Ndivyo walivyosema, na mama hakuwa na sauti mbele yao. Tangu mwanzo chakula kilikuwa kinampa nguvu za kuondoka, na sikulifikiria hilo hata mara moja.

Asubuhi ya safari alinipa bati. "Mpeleke ghalani. Baba yako aliahidi." Nilikwenda nikamwachia nyuma ya magunia, akaingia gizani bila kugeuka. Niliporudi gari la shamba lilikuwa limeshaondoka. Nadhani alipanga hivyo, asinione nikilia wala nisimwone. Sijapata kumlaumu, wala sijapata kumsamehe vizuri.

Jioni shangazi akatandika mkeka juu kwake. Alipika wali wa nazi ninaoupenda, na samaki wa kukaanga.

"Njoo ule, mwanangu."

"Nshakula," nikamwambia.

Nikasema hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Shangazi hakunipiga wala hakunibembeleza. Alikuwa amechoka, kaka kazikwa, wifi kaondoka, na mbele yake kuna mtoto mwingine mwenye neno lile lile.

Siku moja adhuhuri aliteremka chini akarudi na kanga, ile aliyoivaa mama siku nyingi za eda na kuiacha msumarini. Haikunukia udi, maana mwenye eda hajifukizi. Ilinuka jasho lake na mafuta ya nazi ya nywele zake. Shangazi, aliyefariki bila kujua kwamba chini ya kitanda kile waliwahi kulelewa nyoka, aliitandaza mapajani mwangu, akanifunika mabega kwa upande mwingine, akaweka sahani mbele yangu. Kisha akageuka, akajifanya anachambua mchele, asinitazame.

Nilijua ninadanganywa. Nilijua namna inavyofanywa. Nikainamisha pua kwenye kanga, na nikala.

Haikufuliwa. Nilikula nayo kila siku mpaka harufu ikaisha yenyewe, na ilipokwisha, nilikuwa nimeshazoea kula.