Hina ya Reli ya Ngazi

Kwa miaka mingi karakana yangu ya Changamwe ilikata mabamba ya chuma kwa mashine ya plasma, ambayo moto wake huacha matone yaliyoganda ukingoni kama nta ya mshumaa. Hatukuwa na hiari: kila ukingo ulisagwa kwa grenda kabla ya kupakwa rangi. Mafundi walinung'unika, nami nikawahubiria subira.

Mwaka jana nilinunua mashine ya leza. Kipande cha kwanza kilitoka laini hata nikapitisha kidole ukingoni bila kukwaruzwa.

"Grenda tuizike sasa, bosi," fundi mmoja akasema, "na hitima tuisome."

Nilicheka, nikakubali.

Kazi ya kwanza ilikuwa reli ya ngazi za kanisa letu la Timbwani, niliyoitoa sadaka ili kina mama wakongwe wapate pa kushika. Siku ya kuiweka wakfu nilisema kwa kirefu, Mungu anisamehe, juu ya kazi isiyo na waa.

Masika yalipopita, rangi ilibanduka kandokando, nyembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake chuma kilikuwa chekundu kwa kutu. Leza ile hukata kwa msaada wa oksijeni, nayo huacha ukingoni utando unaopendeza macho lakini usioshikamana na chuma. Rangi yetu iliushika utando. Utando haukushika kitu. Plasma, kwa ubovu wake, ilikuwa imetulazimisha adabu ya kusaga, ambayo mimi niliiita tabia yangu.

Jumapili moja kiongozi wa kina mama alishuka ngazi zile na sare yake nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanionyesha kiganja, kisha ubavu wa gauni alipojifutia. "Umetutia hina. Haya, bibi harusi ni nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Hakikuwa cha ubaya, na ndiyo maana kiliniuma. Nyuma yao ajuza mmoja alikuwa akishuka bila kugusa reli, akipapasa ukuta.

Kesho yake nilikwenda na grenda mapema, nikitaraji kumaliza kabla sijaonekana. Kina mama walikuwa tayari uani wakifagia. Nilipiga magoti kwenye ngazi ya chini, nikaanza kusaga. Baadaye yule kiongozi aliniletea maji ya kunywa, akayaweka kando yangu, kisha akapanda ngazi polepole, mkono wake ukutani.