Huku Watu Hawalii

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia mtu akisifiwa kwa kuvumilia maumivu. Nilikuwa bado kijana, nimepanga chumba Mbinga mjini, na nilikuwa nimemchukua mama yangu kutoka kijijini kwetu Lipingo, kando ya ziwa, baada ya baba kufariki.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoyumba na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kumiminika. Nilipata kibarua cha kuchambua kahawa kwenye ghala la mmoja wao. Asubuhi tulijipanga mlangoni, msimamizi akachagua. Aliyekohoa au kushika kiuno alirudishwa, na sisi tuliotoka ziwani ndio tulioanza kusemwa: "Watu wa ziwani, homa kidogo tu mnalala." Basi nikajifunza kusimama wima na malaria yangu. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga niliofanya nao kazi, sikuwahi kuwasikia wakilalamika, nikaamini huo ndio ustaarabu wa milimani. Nikaanza kuona haya kutaja nilikotoka.

Kwetu mgonjwa hulia kwa sauti. Si woga, ni kuita. Jirani akisikia huacha dagaa zake juani, akaja kukaa naye. Mama alipanda milimani na desturi hiyo. Baridi ya Mbinga ilipomwingia magotini, alilia, "Mama wee! Nakufa mie!" mpaka wapangaji wakafungua milango kuchungulia.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumapili. Tulikuwa tumetoka misa. Nilifunga mlango nikamwambia, "Mama, huku watu hawalii hovyo. Unanitia aibu. Msimamizi akisikia kwangu kuna maradhi, tutakula nini?"

Akajifunika magoti kwa kanga. "Sawa, mwanangu. Nimesikia."

Hakulia tena. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikawaambia wenzangu kwamba mama ameizoea baridi.

Miezi ikapita. Wiki moja akaanza kuacha ugali wake, akisema hana njaa. Nilimwona ameuma pindo la kanga, nikapita kuwahi ghalani. Alhamisi niliporudi nilimkuta amelala sakafuni, tumbo limevimba, gumu kama ubao. Bibi Odilia, mwenye nyumba wetu, ndiye aliyetafuta gari la kutupeleka hospitali.

"Ameanza kuumwa lini?" daktari aliuliza.

"Leo," nikajibu.

Mama akatikisa kichwa. "Tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulisema huku hawalii."

Utumbo ulikuwa umejisokota na kuanza kuoza. Walimpasua, lakini hakuamka.

Tulimzika Lipingo. Wanawake walimlilia kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, na mimi, bintiye, sikulia. Nilikuwa nimejifunza vizuri mno.

Bibi Odilia alishuka nasi mpaka msibani. Siku ya tatu akanivuta pembeni. "Nani alikudanganya kwamba Wamatengo hatulii? Wewe unatuona ghalani, mbele ya msimamizi. Umewahi kulala kwangu ukasikia ninavyoulilia mgongo huu? Mtu hulia kwa watu wake. Mama yako kule juu alikuwa na mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyemziba mdomo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama hakuficha, nilimfichisha mimi. Na majuto, unajua, ni mjukuu. Wangu amezeeka nami.

Sasa nisikilize. Utahama, maana siku hizi hakuna asiyehama. Ugenini utaficha homa ili usifukuzwe kazi, na sitakulaumu, tumbo lina amri yake. Lakini usiuite woga ule uhodari, wala usiuingize nyumbani ukawafunze wazee na watoto wako. Anayelia, mwache alie, kisha umuulize panapouma, kwa lugha aliyozaliwa nayo. Aliyenyamaza ghafla, huyo mkimbilie. Na ukifika mahali pa watu, usijidai kuwajua kwa kuwaona kazini tu, kawatembelee majumbani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwili wenye afya, na siku utakapoumwa, kwa maana utaumwa, akuweke karibu na mtu atakayesikia.